Kilimanjaro: Kwa nini kikosi cha kuzima moto huundwa kabla ya moshi kuonekana

Mnamo Oktoba 2020, moto ulizuka katika eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo, na kuteketeza kilomita za mraba 95.5 za Mlima Kilimanjaro, kwa mujibu wa Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA. Mamia ya watu, wakiwemo askari wa hifadhi, wazimamoto, wanafunzi na wanavijiji, walipanda kuukabili. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto mwingine ulizuka karibu na kituo cha Karanga, takriban mita 4,000 juu ya usawa wa bahari.

Hasara ya moto huo haiishii Tanzania. Misitu ya juu hunasa maji ya ukungu na kuyapeleka ardhini. Vinamasi vya Amboseli na chemchemi za Loitokitok, upande wa Kenya, hutegemea maji yanayotoka katika mlima huo huo.

Je, moto wa mlimani huzimwaje? Gari la zimamoto haliwezi kufika huko, na hewa nyepesi hupunguza uzito ambao helikopta inaweza kubeba. Hivyo, sehemu kubwa ya kazi hufanywa kwa mikono.

Moto huhitaji joto, hewa na kitu cha kuungua. Kikosi cha mikono huondoa hicho cha tatu kwa kuchimba njia ya kuzuia moto. Watu wapatao 20 husimama kwa mstari mmoja. Wa mbele hufyeka vichaka kwa panga na shoka. Wanaofuata huparua nyasi na mizizi kwa majembe hadi udongo mtupu uonekane. Wa mwisho husafisha njia kwa reki na kuzima cheche kwa pampu za maji za kubebwa mgongoni. Kazi huanzia kwenye mwamba, mto au barabara, ili moto usizunguke na kuwanasa kwa nyuma.

Miali ikishatoweka, kazi bado haijakwisha. Katika ukanda wa vichaka vya erika, moto unaweza kufukuta kwenye mizizi na udongo wenye mboji kwa siku kadhaa. Wazimamoto hufukua na kupima joto kwa mgongo wa kiganja, hatua kwa hatua.

Zana hizi ni za bei nafuu na nyingi zinapatikana vijijini. Gharama iko katika kumlinda anayezishika. Nguo za pamba au sufu zinafaa, kwani nailoni huyeyuka na kuganda mwilini. Kila mmoja anahitaji kofia ngumu, miwani, glavu na viatu vya ngozi, pamoja na maji ya kunywa na mavazi ya baridi kwa usiku.

Jambo ambalo haliwezi kununuliwa siku ya moto ni nidhamu. Kila kikosi kinahitaji kiongozi mmoja, mlinzi anayeangalia mwenendo wa moto, redio za mawasiliano, njia ya kutorokea na mahali salama pa kukimbilia. Moto hupanda mteremko kwa kasi kuliko unavyoshuka, na mchana upepo wa mlimani kwa kawaida huelekea juu. Mtu wa kujitolea asiyelijua hilo anaweza kusimama juu ya moto akidhani yuko mbali na hatari.

Ndiyo maana wanakijiji wanaoishi kandokando ya msitu ni hazina kubwa: wanazijua njia, wamezoea baridi na wanaweza kufika mapema. Mkoa wa Kilimanjaro unaujua msaragambo, yaani kazi ya pamoja kwa manufaa ya wote. Hata hivyo, moyo wa kujitolea pekee hautoshi. Unahitaji orodha ya majina, ghala la zana karibu na msitu, mazoezi kabla ya kiangazi, posho na bima ya ajali.

Moto ukiwa mdogo, watu 20 waliofunzwa wanaweza kuuzungushia njia na kuudhibiti. Ukishakua na kusukumwa na upepo, hata mamia ya watu wenye nia njema huweza kuzidiwa.