Kuchanga, Kuchangisha na Kuchangiana: Mchango wa Umma, Uongozi na Athari ya Mamlaka katika Harambee

Ikisiri
Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya uchangishaji wa fedha za hisani, uongozi na mamlaka kwa kurejelea harambee nchini Kenya, pamoja na mifano michache kutoka Tanzania. Msingi wa ufafanuzi ni kitenzi changa na kauli zake: changia, changiwa, changisha, changishwa na changiana. Tunaonyesha kwamba kila kauli humweka mhusika mahali tofauti katika ngazi ya mamlaka, na kwamba historia ya harambee inaweza kusomwa kama safari ya kutoka kauli moja hadi nyingine. Makala yanashikilia kwamba sheria zinazomzuia kiongozi kutoa, ingawa zinahitajika, hazitoshi. Kipimo cha uongozi katika mchango wa umma ni nani anayetoa hesabu, na anamtolea nani.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii hupima mchango kwa nia ya mtoaji na kuuweka wingi wa mali kando. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kuhudhuria harambee katika uwanja wa shule au ua wa kanisa anajua kwamba utaratibu wa hafla yenyewe hufuata kipimo kingine. Mgeni wa heshima huketi chini ya hema, hutambulishwa kwa vyeo vyake vyote, na mchango wake pamoja na wa marafiki zake hutangazwa kwa kipaza sauti mbele ya umati unaoshangilia. Wanakijiji nao hupitishiwa karai au ndoo. Noti na sarafu zao huhesabiwa kwa pamoja na kusomwa kama jumla moja chini ya jina la “wananchi”. Mama aliyeuza mayai ya juma zima ili apate cha kutia katika karai hasikii jina lake.

Swali linaloongoza makala haya linatokana na tofauti hiyo: ni kwa njia gani tendo la hisani hugeuka kuwa chanzo cha mamlaka? Uchunguzi mwingi wa harambee umefanywa na wataalamu wa siasa na maendeleo. Mchango wetu kama wanafunzi wa Kiswahili ni kuonyesha kuwa lugha yenyewe imehifadhi ramani ya mahusiano hayo, na kwamba ramani hiyo inaweza kumsaidia raia wa kawaida kutambua amesimama wapi.

2.0 Kuchanga na kuchangia: mwito wa kazi

Kabla ya kuwa jina la hafla ya fedha, harambee ilikuwa mwito wa kazi. Ulitumiwa na wapagazi na wafanyakazi wa pwani walipoinua au kuvuta mzigo mzito ili nguvu zao zikutane kwa wakati mmoja. Mzee Jomo Kenyatta aliupa mwito huo uzito wa kitaifa mwaka 1963, nchi ilipokuwa ikiingia katika utawala wake yenyewe, na hadi leo neno hilo limeandikwa katika nembo ya taifa la Kenya.

Katika miaka ya mwanzo, mchango ulikuwa kwa kiasi kikubwa ni wa kazi na vifaa. Watu walichimba misingi, walifyatua matofali, waliteka maji, walisomba mawe na mchanga. Shule za sekondari za harambee ziliwapokea vijana wengi ambao hawakupata nafasi katika shule zilizofadhiliwa na serikali. Mbithi na Rasmusson, katika kitabu chao cha mwaka 1977 kuhusu kujitegemea nchini Kenya, waliiangalia harambee kama nguvu ya maendeleo inayoanzia kwa wananchi wenyewe.

Katika hatua hii vitenzi vinavyofaa ni kuchanga na kuchangia. Wanaochanga ni wengi, na kila mmoja ni mtenda. Kauli ya kutendea, yaani changia, huongeza lengo: watu huchangia zahanati, kisima au karo. Kazi ya mikono ilikuwa na sifa moja muhimu: haikuwa rahisi kuitangaza kwa kipaza sauti. Haikuwa na tarakimu ya kumtukuza mmoja juu ya wenzake, kwa kuwa tajiri na maskini wote wana mikono miwili.

Mabadiliko yalikuja mahitaji yalipopanuka. Ukuta unaweza kujengwa kwa jasho la wanakijiji, lakini maabara, dawa na mitambo hununuliwa kwa fedha taslimu. Vyuo vya teknolojia vilivyoanzishwa kwa harambee katika miaka ya 1970 vilihitaji mamilioni ya shilingi. Fedha ilipochukua nafasi ya kazi, wenye fedha walichukua nafasi ya mbele.

3.0 Kuchangisha na kuchangishwa: kiambishi cha mamlaka

Kiambishi -ish- katika changisha huingiza mtu wa pili katika tendo: yupo anayechanga, na yupo anayemfanya achange. Mchangishaji si lazima awe dhalimu. Kila mradi unahitaji mtu wa kuita mkutano, kueleza haja na kukusanya michango, na huo ni uongozi halali. Hatari huanza pale anayechangisha anapokuwa pia na uwezo wa kumwadhibu au kumnyima huduma anayekataa.

Hali hiyo ilishuhudiwa nchini Kenya hasa katika miongo ya 1970 na 1980. Machifu na manaibu wao walipewa viwango vya kukusanya katika maeneo yao. Watumishi wa umma walikatwa mishahara. Mwananchi aliyefika ofisini kutafuta huduma aliweza kuulizwa kwanza stakabadhi ya harambee. Hapo ndipo kitenzi changishwa kinapopata maana yake kamili. Mtu aliyechangishwa ametoa fedha, ila utashi wa kutoa umetoka kwa mwingine. Mchango wa aina hii hutofautiana na kodi kwa jambo moja tu, nalo linamdhuru mwananchi: kodi ina sheria, kiwango na ukaguzi, ilhali mchango wa lazima hauna.

4.0 Kuchangiwa: shukrani kama deni

Kauli ya kutendewa, changiwa, inamhusu anayepokea. Katika jamii zetu kuchangiwa si aibu, kwani aliyechangiwa leo huchangia kesho, na mizani husawazika. Mizani hiyo huvunjika anapotokea mtoaji ambaye mpokeaji hawezi kumrudishia kwa kipimo kilekile. Deni hutafuta njia nyingine ya kulipwa, na njia iliyo karibu zaidi ni kura.

Wataalamu wa siasa wamekwisha kueleza jinsi mbunge wa Kenya alivyopimwa kwa miradi aliyoichangia kuliko kwa kazi yake bungeni. Ripoti ya shirika la Transparency International tawi la Kenya ya mwaka 2001 ilionyesha kuwa michango ya wanasiasa iliongezeka mno kuelekea uchaguzi wa 1992 na wa 1997. Ikiwa shida za wananchi zipo kila mwaka lakini ukarimu hupanda wakati wa kura, basi ukarimu huo una kalenda yake.

Ni haki pia kutazama upande wa kiongozi. Mbunge hufuatwa nyumbani alfajiri na watu wenye bili za hospitali, karo na gharama za mazishi. Mkono mtupu haulambwi, na asiyetoa huitwa bahili. Mshahara wake hauwezi kubeba mahitaji ya eneobunge zima. Kwa hiyo hutafuta “marafiki”, na marafiki hao mara nyingine ni watu wanaotarajia zabuni au upendeleo. Fedha zilizotolewa kwa shangwe uwanjani zinaweza kuwa ni za umma uleule unaoshangilia, zikiwa zimepitia mfuko wa mtu mmoja na kutoka zikiwa na jina lake.

5.0 Sheria na mipaka yake

Serikali zimejaribu kuingilia kati. Nchini Kenya, Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilimkataza afisa wa umma kutumia ofisi yake kuchangisha. Mwaka huohuo ulianzishwa mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, uliotengewa angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Mfuko huo uligharamia madarasa na zahanati nyingi, na ungeweza kumpunguzia mbunge mzigo wa harambee. Lakini si ajabu kuona jina au picha ya mbunge katika ubao wa mradi uliojengwa kwa kodi.

Nchini Tanzania mjadala ulijitokeza kwa neno jingine, takrima. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu ukarimu wa kimila uliofanywa na mgombea kwa nia njema. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliyabatilisha masharti hayo kwa kuwa yalikiuka Katiba: yalimpa mgombea tajiri nafasi ambayo maskini hana, na yalifanya iwe vigumu kutenganisha ukarimu na rushwa. Uamuzi huo una funzo la kiisimu pia, kwani neno lenye heshima linaweza kutumiwa kufunika tendo lisilo na heshima.

Nchini Kenya suala liliibuka upya mwaka 2024. Vijana walioandamana mwezi Juni kupinga Mswada wa Fedha walikerwa pia na fedha nyingi zilizomwagwa na wanasiasa makanisani ilhali wananchi walikuwa wakitakiwa kulipa kodi zaidi. Mwezi Julai Rais William Ruto alitangaza kuwa maafisa wa serikali hawatashiriki tena katika harambee, na akamwagiza Mwanasheria Mkuu aandae sheria. Mwezi Novemba, Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki jijini Nairobi, Philip Anyolo, alitangaza kurudishwa kwa fedha ambazo Rais alizitoa katika kanisa moja la jiji hilo. Tukio hilo lilikuwa na uzito kwa sababu mpokeaji ndiye aliyekataa nafasi ya kuchangiwa.

Hata hivyo, kufikia mwaka 2025 viongozi waliendelea kuzuru vikundi vya wanawake na vijana na kutoa fedha na vifaa kwa jina la uwezeshaji. Tukilichambua neno hili, tunakikuta tena kiambishi kilekile: wezesha, kumfanya mwingine aweze. Harambee imebadilishwa jina, na anayesimama penye kipaza sauti ni yuleyule.

6.0 Simu mkononi: jukwaa jipya

Kuanzishwa kwa M-Pesa mwaka 2007 kuliiwezesha fedha kusafiri bila hafla. Mwezi Julai 2011, wakati wa ukame uliowasumbua watu wa kaskazini mwa Kenya, kampeni ya “Kenyans for Kenya” ililenga kukusanya shilingi milioni 500 katika majuma manne, na lengo hilo lilifikiwa kabla ya muda kwisha. Makampuni yalitoa mamilioni, lakini watu wengi walituma kidogo kidogo kwa simu. Haba na haba ilijaza kibaba bila mgeni wa heshima.

Katika vikundi vya WhatsApp, orodha ya wachangaji hupangwa mara nyingi kwa kufuata nani ametuma kwanza. Aliyetuma shilingi mia anaweza kuwa wa kwanza, na jina lake likabaki hapo. Aidha, kila mchango huacha ujumbe wenye tarehe na kiasi, jambo ambalo karai halikuwa nalo.

Lakini mamlaka hayajatoweka. Yamehamia kwa mwenye laini inayopokea fedha na kwa mtu maarufu mwenye wafuasi wengi. Je, mgonjwa aliyechangiwa matibabu akifariki dunia, fedha zilizobaki ni za nani? Ni nani aliyeidhinisha picha yake akiwa kitandani isambazwe? Maswali haya hayajibiwi na programu ya simu. Yanahitaji watu waliokubaliana kabla fedha haijaanza kuingia.

7.0 Kuchangiana: uongozi unaotoa hesabu

Kauli ya kutendeana, changiana, inatupa kielelezo ambacho tayari kipo katika maisha yetu. Vikundi vya kufa na kuzikana huwa na daftari, mweka hazina na masharti yanayojulikana na kila mwanachama. Kamati za harusi nchini Tanzania huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na michango husomwa katika vikao. Vikundi hivi vina kasoro zake, kwani wapo wanaotoa kwa kuogopa kusemwa. Hata hivyo, kila mwanachama ana haki ya kuuliza fedha ziko wapi, na mwenye dhamana hawezi kuliona swali hilo kuwa utovu wa adabu.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, anayechangisha asiwe mwenye uwezo wa kumnyima huduma anayekataa kuchanga. Pili, akaunti au laini ya mchango isimamiwe na zaidi ya mtu mmoja. Tatu, matumizi ya salio yaamuliwe kabla mchango haujaanza. Nne, kila mchango uwe na siku mbili: siku ya kutoa na siku ya kutoa hesabu. Ikiwa kipaza sauti kitatumika, basi kitumike zaidi siku hiyo ya pili.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kauli za kitenzi changa zinabainisha nafasi tofauti za mamlaka. Anayechanga ni mtenda, anayechangishwa amepokonywa hiari, anayechangiwa na mwenye cheo hubeba deni, na wanaochangiana hushika usukani kwa zamu. Sheria inaweza kumwondoa mwanasiasa jukwaani. Kazi ya kumrudishia mchangaji mdogo nafasi yake ni ya jamii yenyewe, nayo huanza pale yule mama aliyeuza mayai anaporudi uwanjani baada ya miezi mitatu, anauliza fedha zimefanya nini, na anajibiwa kwa heshima ileile aliyopewa mgeni wa heshima.