Amana ya Matoleo ya Zamani

Desturi ya Ubuntu, mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ni kutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita, Aprili na Oktoba, tangu lile la kwanza la Oktoba 2004. Na asiyezoea mambo haya huenda akadhani kwamba kila lijalo hulifuta lililotangulia, na kwamba aliyebaki nyuma hana tena wa kumwangalia. Sivyo. Matoleo ya kawaida hutunzwa miezi tisa tu, lakini lile litolewalo Aprili ya kila mwaka wa pili huahidiwa miaka mitano, na ahadi hiyo ni nzito, hata toleo la kwanza la namna hii, lililotarajiwa Aprili 2006, lilizuiliwa hadi Juni ili linyooshwe kwanza.

Kazi ya kutunza aghalabu haionekani, nami naiona kuwa tukufu kuliko ya kubuni. Fundi wa toleo la zamani haleti programu mpya nzima nzima, kwa kuwa mapya huja na tabia mpya, na mashine ya hospitali iliyokuwa ikienda vyema jana ingeweza kugoma leo. Sharti achambue marekebisho, atwae mistari ile tu izibayo ufa, aipachike katika programu kongwe, kisha aijaribu.

Aprili 2014 ilipotangazwa dosari ya Heartbleed katika OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano ya intaneti, dosari iliyowawezesha wezi kuchota siri ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, watengenezaji wake walitoa 1.0.1g. Mafundi wa Debian, mfumo wa tangu 1993 ambao Ubuntu yenyewe imetoka humo, hawakuiingiza hiyo katika Debian 7. Walitia kiraka katika 1.0.1e ileile, jina likabaki vilevile isipokuwa mkia mdogo, deb7u5, hata aliyetazama namba tu alijidhania yumo hatarini ilhali amekwisha kuokolewa. Debian 6, yenye OpenSSL kongwe zaidi ya 0.9.8, haikuguswa kabisa, maana dosari ilizaliwa pamoja na nyongeza ya baadaye.

Kinachotisha ni toleo ambalo muda wake umekwisha, kwani dosari huendelea kufichuliwa na viraka havitengenezwi tena. Wewe mwenye kompyuta za skuli au za duka, nakusihi uchague toleo la miaka mitano, na tarehe yake ya mwisho uiandike katika daftari la ofisi, Ubuntu 24.04, kwa mfano, hutunzwa bila malipo hadi 2029.