Msitu Ulioangushwa na Upepo Haujafa

Tufani ikipita juu ya msitu, macho huona hasara tupu: magogo yamelaliana, mizizi imeinuka juu, na jua la saa sita linapiga mahali palipokuwa na giza mchana kutwa. Wengi huamua papo hapo kwamba msitu umekwisha, na kilichobaki ni kuvuna mbao, kusafisha eneo na kupanda upya. Wataalamu wa ikolojia wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na jibu lao ni tofauti: sehemu kubwa ya msitu ujao tayari iko pale pale, chini ya magogo hayo.

Ushahidi mzuri unatoka Petersham, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kwenye msitu wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard. Tarehe 21 Septemba 1938 kimbunga kikali kililipiga eneo lile na kuangusha misitu mingi ya New England. Mwaka 1990 watafiti wakaamua kukiiga. Walifunga nyaya za chuma kwenye miti mikubwa, wakaivuta kwa winchi mmoja baada ya mwingine katika kipande cha hekta 0.8, mpaka takriban asilimia 80 ya miti mirefu ikawa imeanguka au kuvunjika. Kisha hawakugusa kitu. Waliacha kila gogo lilipolala, wakaanza kupima na kuhesabu.

Majira ya kuchipua yalipofika, miti mingi iliyolala chini ilitoa majani. Sababu yake ni rahisi. Mti ukisukumwa na upepo, mizizi ya upande mmoja hukatika, lakini ya upande wa pili mara nyingi hupinda tu, ikabaki ardhini ikinyonya maji. Baadhi ya miti hiyo ilikufa baadaye, taratibu, miaka kadhaa baada ya kuanguka. Hata hivyo ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake: ardhi haikukaa wazi, unyevu haukupotea ovyo, na mimea midogo ilipata muda wa kushika nafasi.

Mimea hiyo hutoka wapi? Chanzo cha kwanza ni machipukizi. Chini ya gome la miti mingi kuna macho yaliyolala, ambayo huamka shina linapovunjika. Kwa kuwa kisiki kina mizizi mikubwa na akiba ya chakula, chipukizi lake hukua haraka kuliko mche wa mbegu. Lakini si kila mti una uwezo huo. Watu wa pwani yetu wanaweza kujionea katika mikoko: mchu uliovunjika huchipua tena shinani, ilhali mkoko wenye mizizi ya magongo, ukishapoteza matawi yake yote, haurudi. Uhai wa aina hiyo unategemea miche inayoshuka kutoka kwenye miti mama.

Chanzo cha pili ni miche iliyokuwa ikingoja. Katika msitu mnene wa tropiki, mwanga unaofika chini waweza kuwa asilimia 1 au 2 tu ya ule ulio juu. Miche inayostahimili kivuli hudumaa humo kwa miaka, ikiwa haijazidi urefu wa goti, na mtu akiiona atadhani ni michanga. Siku mti mkubwa unapoanguka, hiyo ndiyo hutangulia kupanda juu.

Chanzo cha tatu ni mbegu zilizolala udongoni. Kwa mfano, mpesi hutoa mbegu ndogo nyingi zinazosambazwa na ndege, nazo huweza kukaa ardhini zikisubiri. Mbegu za namna hii huhisi kwamba pamefunguka. Majani ya miti hunyonya mwanga mwekundu, kwa hiyo mwanga unaopenya kivulini huwa na upungufu wa rangi hiyo. Jua likipiga udongo moja kwa moja, kemikali fulani ndani ya mbegu hupokea mwanga mwekundu kamili na kuruhusu kuota. Mbegu nyingine huongozwa na tofauti ya joto kati ya mchana na usiku, ambayo huongezeka kivuli kikiondoka. Chanzo cha nne ni mbegu mpya, ziletwazo na upepo, ndege, popo na wanyama.

Tazama kwa karibu mti mmoja uliong'oka. Mizizi huinua bonge kubwa la udongo na kuacha shimo. Shimo hujaa majani na maji. Bonge husambaratika polepole na kuwa kichuguu cha udongo mtupu. Mbegu ndogo sana, kama za miti ya betula kule Marekani, hazina nguvu ya kupenya tabaka la majani makavu, lakini juu ya udongo ule mtupu huota vizuri. Kwa hiyo anguko moja huandaa makazi kadhaa kwa mpigo: shimo lenye maji, mwinuko mkavu, gogo linalooza na uwazi wenye jua.

Ndiyo maana kukimbilia kusafisha kunaweza kudhuru kuliko upepo wenyewe. Trekta inayoburuta magogo huponda miche iliyongoja miaka, hushindilia udongo na kusawazisha vile vichuguu. Msumeno wa mnyororo hukata miti iliyolala ambayo bado iko hai. Baada ya kimbunga cha 1938, serikali ya Marekani iliendesha kazi kubwa ya kuokoa mbao. Kipande cha msitu wa kale huko Pisgah, New Hampshire, hakikuguswa. Leo ni msitu uliosimama, na magogo ya misonobari iliyoanguka wakati ule yameonekana ardhini kwa miongo mingi.

Kuna tahadhari moja kubwa. Uwazi hauchagui mgeni wala mwenyeji. Amani, katika Usambara Mashariki, musizi uliletwa mwanzoni mwa karne iliyopita na baadaye ukapandwa kwa wingi. Ni mti upendao jua na ukuao upesi, na hondohondo hula matunda yake na kumwaga mbegu msituni. Kila pengo linalofunguka ni nafasi yake ya kuwatangulia wenyeji. Mahali kama hapo, kuacha msitu ujiponye lazima kuende pamoja na kung'oa miche vamizi mapema.

Barabara zifunguliwe, nyumba ziondolewe matawi, na shamba la miti ya biashara livunwe. Hayo ni mahitaji ya kweli. Lakini katika msitu wa asili, ombi langu kwa maofisa misitu, kamati za vijiji na wenye mashamba yanayopakana nao ni hili: kabla ya kuruhusu hata gogo moja litoke, piteni chini ya miti iliyoanguka mhesabu machipukizi na miche iliyopo. Ikiwa ipo ya kutosha, na ni ya miti ya mahali hapo, msitu umekwisha kuanza kujipanda wenyewe, na kazi yenu ni kuulinda dhidi ya moto, mifugo na misumeno.