Igisoro na kompyuta: Nambari mbovu zilivyotuaibisha Nyundo

UKISHUKA kutoka soko la Mahoko kuelekea Gisenyi, jioni hukosi kuwaona wazee wa Nyundo wameinamia ubao wa igisoro. Una mashimo 32 na kete 64, sawasawa na bao nililojifunza utotoni nikisoma ukimbizini Tanzania. Sisi tuliorudi hatukuhitaji mkalimani ili tuketi nao.

Mwaka jana wanafunzi wangu wawili waliandika programu ya kucheza igisoro. Ilimfunga mzee mmoja mara tatu. Mara ya nne, ikiwa inaongoza, iliacha wazi shimo lililojaa kete. Mzee akazikomba zote, akacheka: "Mwalimu, mashine yako imelewa?"

Tulipochunguza, tuligundua kuwa tatizo lilikuwa kwenye kumbukumbu. Programu huweka majibu ya hali za ubao ilizokwisha kuzipima ili isirudie kazi. Kila hali hupewa nambari moja ya kuitambulisha, kama mama wa mpakani anavyotia alama gunia lake la viazi ili alijue akifika Goma. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1970 na Albert Zobrist wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani.

Kila shimo, kwa kila idadi ya kete kuanzia 0 hadi 64, lina nambari yake. Jumla ni nambari 2,080. Kompyuta huziandika kwa 0 na 1, yaani biti, kisha huziunganisha: biti zinazofanana huzaa 0, zinazotofautiana huzaa 1. Faida yake ni kwamba shimo likitoka kete 3 kwenda 4, unaondoa nambari ya 3 na kuweka ya 4 tu, bila kuhesabu ubao mzima upya.

Vijana wangu walijaza jedwali kwa 1, 2, 3, 4 na kuendelea. Kumbe kwa kanuni hiyo 1 na 2 huzaa 3, na 5 na 6 nazo huzaa 3! Hali mbili tofauti zikapata alama moja, mashine ikatumia jibu la ubao mwingine. Wafanyabiashara mnajua hasara ya magunia mawili yenye alama moja.

Dawa ni kuchagua nambari kwa bahati nasibu, tena ziwe ndefu. Biti 32 hutoa nambari zaidi ya bilioni 4, lakini usidanganyike. Wakikusanyika watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja huzidi nusu. Vivyo hivyo, hali 77,000 hivi zinatosha kufikisha nusu uwezekano wa alama kugongana, na kompyuta huzimaliza kabla ya sekunde kwisha. Kwa biti 64, zinahitajika takriban bilioni 5.

Aidha, nambari zikishachaguliwa zihifadhiwe. Ukizibadilisha kila unapowasha mashine, kumbukumbu ulizoweka jana hazitakufaa leo. Na kabla ya kucheza hatua iliyotoka kwenye kumbukumbu, programu ihakikishe kwanza kuwa hatua hiyo inaruhusiwa kwenye ubao uliopo.

Vijana walibadilisha jedwali, tukarudi kwa mzee. Alitufunga tena, lakini safari hii ilimchukua jioni nzima, na hakuuliza kama mashine imelewa.