Mfupa wa Sibiloi Hauna Bei

Kila ninapoandika kuhusu ufadhili wa vijana wanaotaka kuchunguza visukuku katika hifadhi zetu, barua nyingi zinazonirudia hubeba swali lile lile. Wiki hii limekuja tena, pamoja na picha ya meno yaliyogeuka mawe, yamepangwa juu ya kiganja: "Mtaalamu, hiki kinauzwa bei gani, na nani ananunua?" Aliyeandika anaomba pia aelekezwe kwenye ufadhili, akiamini kwamba meno hayo yatamfungulia mlango. Yatamfungia. Nimechoka kulijibu swali hili kwa mstari mmoja, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Imani yenyewe najua inakotoka. Mwaka 2020 dinosaria aliyepewa jina la Stan alipigwa mnada New York kwa dola milioni 31.8, na mwaka 2024 mwingine, Apex, akavuka dola milioni 44. Habari za namna hiyo huenea upesi, na anayeishia kwenye kichwa cha habari huondoka akidhani kila mfupa wa kale una mteja anayeusubiri. Stan na Apex walitoka kwenye ardhi ya watu binafsi, na sheria ya Marekani humwachia mwenye ardhi kilicho ardhini mwake. Katika hifadhi za taifa za Marekani kwenyewe, ukiokota kisukuku na kuondoka nacho umevunja sheria. Kenya haina hata mwanya huo wa ardhi binafsi: Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inavifanya visukuku vinavyogunduliwa kuwa mali ya serikali. Tanzania inavilinda kwa Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964. Anayekuuliza bei ya jino kutoka hifadhi ya Sibiloi, Kenya, au Laetoli, Tanzania, anakutafutia kesi.

Lakini hebu tuiweke sheria kando, maana wapo wanaodhani tunawatisha tu ili mali ibaki kwa wakubwa. Jino lililo mkononi mwako halina umri. Halitapata umri katika maabara yoyote utakayolipeleka. Kipimo cha kaboni 14, ambacho kila mtu hukitaja, huishia kwenye miaka 50,000 hivi, na visukuku vya Sibiloi ni vya mamilioni ya miaka. Kinachopimwa ni majivu ya volkano yaliyo katika tabaka za juu na chini ya mahali jino lilipolala. Ukishalihamisha bila kuandika lilikuwa wapi, umelikata kutoka kwa ushahidi wake wote, na hakuna profesa wa Nairobi wala wa Berlin atakayeweza kuurudisha.

Atakayeona nakuza mambo asome kisa cha fuvu la mtu wa kale namba 1470. Mwaka 1972, huko Koobi Fora ndani ya Sibiloi, Bernard Ngeneo aliona vipande vya mfupa vikichungulia kwenye korongo. Vilipokusanywa na kuunganishwa vilizidi 150. Fuvu lilikuwa chini ya tabaka la majivu liitwalo KBS, ambalo wakati huo lilikuwa limepimwa na kupewa miaka milioni 2.6. Kwa hesabu hiyo fuvu lingekuwa na karibu miaka milioni 3, na historia yote ya jenasi yetu ingebidi iandikwe upya. Waliotia shaka walikuja na ushahidi wa nguruwe. Meno ya nguruwe wa kale kutoka chini ya majivu hayo yalifanana na ya nguruwe wa bonde la Omo, Ethiopia, ambao umri wao ulikuwa karibu miaka milioni 2. Mabishano yalichukua miaka. Vipimo viliporudiwa, majivu ya KBS yalionekana kuwa ya takriban miaka milioni 1.9, na nguruwe wakawa wamesema kweli.

Jino la nguruwe! Hakuna dalali ambaye angelitolea hata nauli ya kurudi Marsabit. Lilisahihisha umri wa fuvu mashuhuri kwa sababu moja tu: aliyeliokota alijua tabaka lake na akaliandika. Kila picha ya kiganja ninayotumiwa inanionyesha ushahidi wa aina hiyo uliokwisha kupotea, na hilo linaniuma kweli.

Ukikuta kisukuku, kiache. Kipige picha kikiwa na kalamu au sarafu kando yake, piga nyingine ya mandhari yote, chukua vipimo vya mahali kwa simu, kisha mjulishe askari wa hifadhi au Makumbusho ya Taifa. Taarifa iliyoandikwa vizuri ina uzito kwenye maombi ya ufadhili. Mfupa uliouficha kabatini ni kosa la jinai.

Sasa ufadhili. Leakey Foundation, yenye makao Marekani, ina Baldwin Fellowship kwa wanafunzi wa shahada za juu kutoka nchi ambazo mafunzo ya asili ya binadamu bado ni haba. Ina pia ufadhili wa Francis H. Brown kwa Waafrika Mashariki wa sayansi ya miamba na mimea. Brown ndiye mwanajiolojia aliyetumia maisha yake kulinganisha tabaka za majivu za Turkana na Omo, basi ukiomba fedha zenye jina lake usiandike neno "hazina". Shirika la PAST la Afrika Kusini husomesha Waafrika na kupeleka elimu hii mashuleni. Wakfu wa Wenner-Gren una ufadhili wa Wadsworth kwa wanaosomea uzamivu wa anthropolojia na akiolojia. Kama hujawahi kushika brashi, anza na kozi za uwandani za Koobi Fora au za Turkana Basin Institute. Programu nyingi za hifadhi za Marekani hudai uraia au ukaazi wa kudumu, kwa hiyo soma masharti kabla ya kujaza fomu.

Kwenye fomu hiyo, kipengele cha kushirikisha jamii usikijaze kwa "nitatoa semina". Nyayo za kale za Laetoli zilipofanyiwa kazi ya uhifadhi miaka ya 1990, kwa sababu mizizi ya migunga ilikuwa ikizitishia, wazee wa Kimasai walishirikishwa, kwa kuwa wao ndio wanaobaki pale wataalamu wakiondoka. Andika ni wazee gani, kijiji gani, lugha gani, na utarudi lini kuwaonyesha matokeo.

Vibali viombwe mapema: Kenya ni NACOSTI (tume ya sayansi), Makumbusho ya Taifa na, kwa Sibiloi, KWS (shirika la wanyamapori). Tanzania ni COSTECH (tume ya sayansi), idara ya Mambo ya Kale na, kwa Oldupai na Laetoli, Mamlaka ya Ngorongoro. Bajeti nayo itaje gari, maji na ujira wa wenyeji watakaokuongoza, maana maombi mengi ninayoyasoma huangukia hapo.