Safari ya Mtu Mmoja Kwenda Mikumi

Kila mwaka kiangazi kinapoingia, huja nchini kwetu watu wa mbali sana ambao hawakuja kufanya biashara, wala kutafuta kazi, wala kuzuru jamaa. Wamekuja kutazama wanyama. Tena wako katika hao wasafirio peke yao, bila mume wala mke wala rafiki. Wazee wetu wa vijijini huuliza: Je, yawezekanaje mtu mwenye akili zake aache nyumba yake, akae katika eropleni usiku kucha, kwa ajili ya kumwona nyumbu akila majani? Swali hilo ni la haki, na leo twataka kulijibu. Tena twataka kueleza jinsi safari yenyewe ifanywavyo, maana neno hili latuhusu sisi watu wa Mvumi na Kilosa kuliko tunavyodhani.

Kwanza tuseme habari za mahali penyewe. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliwekwa mwaka 1964, na eneo lake ni kilomita za mraba 3,230. Upande wa mashariki yasimama milima ya Uluguru, upande wa magharibi milima ya Rubeho, na kati yake ni mbuga pana ya majani, ndiyo mbuga ya Mkata, ambamo hupita mto wa jina hilo. Kwa kusini yapakana na pori kubwa lililoitwa Selous, ambalo sehemu yake imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu mwaka 2019. Hapana seng'enge wala ukuta katikati. Tembo huvuka apendavyo, wala haulizwi hati. Jina la Mikumi latokana na mti, mkumi, ambao watu wa pwani wauita mvumo.

Sasa na tumfuate msafiri mmoja. Hatumtaji jina, maana wa namna yake ni wengi. Tuseme ni mwalimu wa kike atokaye London, mwenye likizo ya majuma mawili. Kwa nini aja peke yake? Mara nyingi sababu ni ndogo kuliko tunavyofikiri. Huko kwao kila mtu ana likizo yake. Huyu apata ruhusa mwezi wa Julai, rafiki yake apata Desemba, na yule wa tatu hana fedha. Akingoja hata wapatane wote, atazeeka. Basi huamua kwenda.

Na kwa nini wanyama? Jambo hili laeleweka mtu akijua kwamba nchi zao nazo zilikuwa na wanyama wakubwa. Simba walikuwako katika nchi ya Wayunani zamani za kale, na sasa yapata miaka elfu mbili tangu walipokwisha. Dubu walikuwako Uingereza, wakaisha. Misitu ilikatwa, mashamba yakaenea, na mnyama akabaki katika picha na ngao za wafalme. Mtoto wa London hujifunza herufi kwa picha ya twiga, lakini twiga aliyemwona kwa macho ni yule aliyefungiwa uani. Msafiri wetu, basi, aja kutazama kitu ambacho baba zake walikipoteza, na akiba ya miezi mingi huiona kuwa bei ya haki.

Hatari za njiani huzifikiri mapema. Hutafuta viza, hupata chanjo, humwendea daktari kwa dawa za kuzuia malaria. Kutoka London hupitia mji mwingine kama Istanbul, Doha au Addis Ababa, abadili ndege, kisha ashuke Dar es Salaam amechoka. Yeye ameona usiku mmoja na miji mitatu, na bado hajaona mnyama hata mmoja isipokuwa kunguru.

Toka Dar es Salaam ana njia mbili. Aweza kupanda basi la Iringa au Mbeya, akashuka Mikumi mjini baada ya mwendo wa kilomita karibu 300. Au apande gari la moshi jipya hata Morogoro, kisha basi. Gari hilo laenda kwa umeme, nalo lilianza kazi mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Twaliita gari la moshi kwa mazoea tu, maana moshi hamna. Reli ya kwanza, ile ya zamani za Wadachi, ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, nayo ndiyo iliyoikuza Kilosa. Reli mpya nayo ina stesheni Morogoro na Kilosa.

Barabara kuu ya kwenda Iringa hukata katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50. Hapo msafiri wetu huanza kushangaa, maana bado yumo katika basi la abiria, na aona pundamilia, swala pala, nyani, pengine na tembo, kabla hajalipa kiingilio. Abiria wengine wamelala. Kando ya barabara aona vibao vinavyomwambia dereva apunguze mwendo, na vingine vinavyotaja faini ya kila mnyama atakayegongwa. Vibao hivyo havikuwekwa bure. Usiku taa za magari humpumbaza mnyama, naye husimama katikati ya lami asijue pa kukimbilia; na dereva aliye na haraka hawezi kulizuia lori lenye mzigo kwa hatua chache.

Amefika Mikumi. Ametoka London, amevuka bahari na jangwa, ametumia ndege mbili, gari la moshi na basi, na yote hayo ameyafanya peke yake. Lakini katika lango la hifadhi upweke wake wakoma. Hawezi kuingia kwa miguu kama aingiavyo sokoni. Yampasa kuwa ndani ya gari, na akitaka kutembea kwa miguu mahali panaporuhusiwa, yampasa kufuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Gari nalo halina bei ya mtu mmoja. Akilikodi peke yake, atalipia viti vyote, hata vile visivyokaliwa na mtu.

Na tufanye hesabu, kwa mfano tu. Tuseme gari lakodiwa kwa shilingi 300,000 kwa siku. Mtu mmoja atalipa shilingi 300,000. Watu sita watalipa shilingi 50,000 kila mmoja, nao wataona simba yule yule, tena kwa macho kumi na mawili badala ya mawili. Ndiyo maana wasafiri wa peke yao, wakifika nyumba za wageni pale mjini Mikumi, huulizana jioni wakati wa chakula: Nani aingia kesho? Hujiunga watatu au wanne wasiojuana, asubuhi wakaondoka pamoja. Mwenye hekima huwahi kufika siku moja mbele, ili apate wenzake.

Wala jambo hili si geni katika mbuga ya Mkata. Vitabu vyasema kwamba mwaka 1871 Stanley alipita huku akimtafuta Livingstone, nasi shuleni twasoma kana kwamba alikuwa mtu mmoja na fimbo yake. Sivyo. Alikuwa na wapagazi na askari wapatao mia na zaidi, na mkuu wa askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekwisha kuwaongoza Wazungu wengine kabla yake. Waliifikia mbuga ya Mkata katika masika. Majani mazuri tunayoyaona leo yalikuwa yamefunikwa na maji. Watu walikwenda matopeni, punda walianguka, mizigo ililowa, wengi waliugua, na Stanley mwenyewe alishikwa na ugonjwa wa kuhara. Kwa msafara ule Mkata ilikuwa taabu ya kupitwa upesi, wafike milimani. Nchi ni ile ile, na udongo wake ungali ule ule mweusi ushikao miguu ya gari mvua inaponyesha.

Sasa twaja kwa msafiri wa pili, naye ni wa Mvumi. Huyu hahitaji viza wala ndege. Aondoka alfajiri, ashika gari la Kilosa. Toka Kilosa apanda gari jingine liendalo kusini hata Mikumi. Njiani, na hili si mzaha wetu, hupita mahali paitwapo Ulaya. Yule wa London ametoka Ulaya kwa usiku mzima, na huyu wa Mvumi ameiingia na kuiacha asubuhi moja, kwa nauli ya basi! Mvua zikiwa nyingi ni afadhali azunguke kwa Dumila na Morogoro, maana huko ni lami hata Mikumi, ingawa mwendo ni mrefu zaidi. Nchi yetu ya mito twaijua: mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko yaliharibu hata reli huku Kilosa, sembuse njia ya udongo.

Lakini twaulize: katika watu mia wa kijiji chochote cha kwetu, ni wangapi waliomwona twiga akiwa kwake, bila kumkimbia wala kumfukuza? Tumewauliza wanafunzi wengi, na mara nyingi jibu ni lile lile. Wamemwona katika kitabu. Husema kwamba hifadhi ni ya Wazungu. Hilo si kweli. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio kidogo mno kuliko mgeni wa nje, tena kwa shilingi, hali mgeni ahesabiwa kwa dola. Kizuizi chetu hasa ni gari, na gari, kama tulivyoonyesha kwa hesabu, ni kizuizi cha mtu mmoja. Shule ina watoto arobaini. Kitu anachokitafuta yule mgeni jioni kwa kuulizana mezani, yaani wenzake, shule yetu yakianza navyo. Basi la kukodi likigawanywa kwa arobaini, kila mzazi hutoa sehemu ndogo, na akipewa muda wa mihula miwili aweza kuitoa kidogo kidogo.

Twajua neno ambalo wakulima watasema hapa, na hatutalificha. Wako jirani zetu waliolima mahindi, wakalala njaa kwa sababu tembo walipita usiku. Kwa mtu kama huyo kumsifu tembo ni kama kumsifu mwivi mbele ya aliyeibiwa. Serikali imeweka kanuni za kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Lakini majina yenyewe yaonyesha kwamba ni kufuta tu, wala si kulipa thamani yote. Kwa maoni yetu, mtoto wa mkulima huyo ndiye apaswaye hasa kwenda Mikumi. Yeye amjua tembo wa usiku peke yake. Akimwona mchana, jike mzee akiongoza kundi, ndama akitembea chini ya tumbo la mama yake, atajua wafuata nini na waogopa nini. Na ajuaye hayo hulinda shamba kwa akili kuliko apigaye debe gizani.

Basi, mtu aende lini? Miezi mizuri ni Juni hata Oktoba. Wakati huo majani yamekauka na kuwa mafupi, na maji yamebaki mahali pachache, hivyo wanyama hukusanyika. Mwendo mfupi toka lango la Kikoboga liko bwawa la viboko. Hapo mtu aweza kukaa saa nzima asichoke. Katika mbuga ya Mkata wako nyumbu, pundamilia, nyati, twiga, na pofu, ambaye ni mkubwa kuliko swala wote naye ana haya nyingi. Simba wapo, ila hawaahidiwi mtu. Asubuhi na mapema ni bora kuliko saa sita, maana jua likiwa kali wanyama huenda vivulini, na watu husinzia garini. Ndege wa angani ni zaidi ya aina 400, na mwanafunzi mwenye daftari atapata kazi ya kutosha hata asipomwona simba.

Nguo zisiwe nyeusi wala za buluu, kwa kuwa mbung'o hupenda rangi hizo, na katika miti ya miombo wako wengi. Chakula kifungwe vema. Nyani wa Mikumi wamezoea magari, na mkono wao ni mwepesi dirishani. Asiwape kitu, hata ganda la ndizi. Kiingilio hakilipwi kwa fedha ya mkononi pale langoni. Hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki, basi mwalimu alitengeneze jambo hilo kabla ya kuondoka. Aandike mapema kwa uongozi wa hifadhi, ataje idadi ya watoto, umri wao, na siku ya kufika. Wala asifikiri kwenda na kurudi siku ile ile: atakayetoka Mvumi alfajiri atafika Mikumi jua limekwisha kuwa kali, na saa nzuri ya kutazama imepita. Walale mjini, waingie kesho yake kukicha, watoke saa sita, na jioni watakuwa Kilosa.