Pyuta Kuukuu ya Norwei: Wauzaji Wengi, Wanunuzi Wachache

Tajiri mmoja wa vitu vya kale mjini Oslo, asiyependa jina lake litajwe, ana dukuduku kubwa juu ya mashine za kuoshea vyombo. Warithi, asema, humletea makasha ya bakuli na vinara vya pyuta walivyotunzwa babu na bibi zao siku ya arusi, wakitaka bei waliyoisikia kwa wazee, ilhali vyombo vimekwisha kutiwa mashinani vikatoka na mabaka ya kijivu yasiyoondoka. Na wasiovitia mashinani huvisugua kwa sufi ya chuma hata nakshi za majoka na merikebu za Maviking zikafutika. “Utandu ule wa umri ndio ulipiwao fedha,” alisema, “nao wameuondoa kwa mikono yao.”

Manung'uniko hayo yana haki, ingawa anunuaye aghalabu huitia ila bidhaa kabla ya kutaja bei. Pyuta ni bati kwa sehemu iliyo kubwa, likatiwa antimoni na shaba kidogo lipate ugumu, na kwa kuwa bati lenyewe huyeyuka kwa joto la digrii 232, chombo kilichosahauliwa juu ya jiko hakina tena mnunuzi. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na kitambaa cha pamba vyatosha. Siki na ndimu zisilale ndani yake.

Afisa mmoja wa biashara hushikilia kwamba pyuta ya siku hizi haina risasi, na kwamba soko ni thabiti. La kwanza ni kweli kwa vyombo vipya, lakini halimfai kitu mwenye sahani ya karne ya 18, ambaye ni heri aitazame kuliko kuilia. La pili ni gumu kusadiki kwa aliyezunguka masoko ya mitumba ya bendi za skuli, ambako bakuli za pyuta hushinda mezani mpaka jioni. Wala chapa si dhamana: neno la Kinorwei tinn, yaani bati, lililogongwa kitakoni huthibitisha madini, si umri wala fundi.

Yumkini bei ya bati ikabadili mambo, maana fujo za Walikale, Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, kunakochimbwa bati, huweza kuipandisha hata katika soko la London. Hapo vyombo vibovu vitayeyushwa na vizima huenda vikaadimika. Tajiri wetu hategemei hayo. Vinara angali anavinunua, vikiwa jozi. Bakuli amekwisha kuzikataa.